Tuta la Luhende

Novemba 9

Mvua ya kwanza leo. Imekuja na mawe madogo, ikapiga bati hadi tukawa hatusikilizani, jambo ambalo ndani ya nyumba hii si geni. Nilimpigia Festo kelele: mbegu umeloweka? Akanionyesha kwa mkono kwamba kesho. Mume wangu mambo yake yote ni ya kesho.

Naandika kwa sababu Julieth, binti yetu, yuko Tabora mjini anasomea uuguzi, na hapa Bukumbaga sina mwingine wa kumwambia ninachokiona.

Novemba 13

Nimetengeneza kitalu cha mpunga peke yangu. Udongo umeshika maji vizuri.

Shamba langu liko mbugani, kando ya Mto Manonga. Nasema langu kwa sababu ni langu. Baba mkwe alinipa mwenyewe mwaka ule niliomuuguza, akatamka mbele ya wanawe wote wawili, Luhende na Festo. Huku juu kwenye nyumba zetu ardhi ni mchanga mtupu, mahindi yanaota membamba kama vidole vya mgonjwa. Kule chini ni nchi nyingine. Kila masika mto ukifura, maji hutoka kwa mkono wake wa zamani, hupita kwenye shamba la shemeji yangu Luhende, hushuka kwangu, hutanda na kutulia. Yakikauka huacha tope jeusi, laini, unalibonyeza linabaki na alama za vidole. Sijawahi kununua mfuko wa mbolea tangu niolewe. Baada ya shamba langu ni matete tu, kwa hiyo mkono ule tunautumia sisi wawili, Luhende juu na mimi chini.

Novemba 21

Nimekuta vijana mbugani. Wanatoka Igunga, wana machepe na jozi ya maksai wanaoburuta udongo. Wanajenga tuta kwenye mpaka wangu na Luhende, kutoka kichuguu hadi kichuguu, na tayari limenifika kifuani.

Luhende alikuwa amesimama juu yake, fimbo begani.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Tuta hili ni la nini?"

"La shamba langu."

"Limeziba mkono wa mto. Maji yatanifikiaje?"

"Mkono uko shambani kwangu," akasema. "Au na mto nao baba alikupa?"

Vijana wakacheka. Nilihisi damu inapanda hadi masikioni. Nikamwambia, kwa sauti ambayo hata waliokuwa wanachunga ng'ombe ng'ambo waliisikia, "Hili tuta lako nitalibomoa kwa jembe langu mwenyewe."

Jioni nilimweleza Festo. Alikuwa anakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaendelea kutafuna. "Kaka ana mipango yake," akasema. "Tusubiri tuone."

"Tuone nini? Tuone mpunga wangu unavyokufa?"

Akasema tusigombane, mvua zikiwa nyingi tuta halitakuwa na maana. Kaka yake akikohoa, yeye hushika kifua.

Desemba 2

Miche imeota. Vyura hawanyamazi.

Desemba 8

Leo Zuena, mke wa Luhende, alipeleka chakula kwa wale vijana wa tuta. Luhende alimwoa miaka michache iliyopita baada ya mke wake wa kwanza kufariki. Alimtoa Chemchem, Tabora mjini, akaja na begi la magurudumu ambayo hayakuwahi kuzunguka kwenye mchanga wetu. Kucha zake zina rangi. Anatembea mbugani ameinua gauni kwa vidole viwili kama anayevuka mfereji wa maji machafu. "Shikamoo mama Julieth," akaniambia. Nikaitikia kwa sababu ya adabu tu. Mwanamke ambaye hajui kushika jembe amekalia shamba linaloninyima maji.

Desemba 19

Manonga imefura. Mvua kubwa imepiga juu, huko Shinyanga, na maji yameteremka mekundu yakibeba matawi na kandambili za watu. Kwetu penyewe mvua haba.

Shamba la Luhende limekuwa ziwa. Tuta limeshika. Nimesimama upande wangu nikaweka kiganja kwenye ule ukuta wa udongo, ulikuwa na ubaridi, na nyuma yake maji yalikuwa yanagonga taratibu. Upande huu chini ya miguu yangu nyufa zimeanza.

Desemba 25

Noeli. Festo amealikwa pilau kwa kaka yake. Akaenda.

Januari 4

Nimepandikiza miche kwenye maji kidogo ya mvua ya juzi. Ningesubiri zaidi ingezeeka kitaluni.

Januari 11

Jua. Miche imekuwa njano kuanzia ncha. Nachota maji mtoni kwa ndoo, nazunguka tuta zima, namwaga, nageuka, pale nilipomwaga pameshakauka. Festo alinikuta, akasimama, akatazama, akaondoka. Hakunipokea hata ndoo.

Januari 14

Nimekwenda kwa mzee Elieza, mtemi wa sungusungu wa kijiji chetu. Yeye na walinzi wake wenye filimbi ndio wanaoamua mambo hapa, ya wizi na ya mipaka, polisi wako mbali. Alinisikiliza akichonga mpini.

"Mektilda, hayo ni ya ukoo," akasema. "Sungusungu hatuingii kati ya ndugu."

"Mimi si ndugu yao, mzee. Mimi nimeolewa."

"Ndiyo hapo sasa. Mwambie mumeo."

Januari 17

Nimejishusha. Nimekwenda kwa Luhende nyumbani, nikapiga magoti mlangoni kwake kama ilivyo heshima yetu, nikamwomba afungue hata upenyo wa upana wa karai.

Alikuwa anakula. Hakuacha kula. Akasema ana wazo zuri zaidi: nimwachie shamba alilime yeye, kila mavuno atanigawia nusu. "Mwanamke peke yake mbugani utaweza wapi?"

"Nina mume."

Akacheka, mate yakaruka. Festo alikuwa amekaa palepale kwenye kigoda, anakula naye sahani moja. Hakuinua uso. Tulipofika nyumbani akaniambia nusu si mbaya.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia leo, na sijui kama ninayemchukia ni yule anayeninyima maji au huyu ninayelala naye.

Januari 23

Niandike polepole.

Kulipopambazuka nilisikia mwano, ule ukelele wa kuomba msaada, halafu filimbi za sungusungu zikajibizana. Festo hakuwa kitandani. Nikafikiri ameshatoka na wenzake kuitikia. Nilishika kanga na kukimbilia mbugani kunakotoka kelele, na kabla sijafika niliusikia mngurumo.

Tuta lilikuwa limekatwa katikati. Halikubomoka lenyewe, lilikatwa. Pembeni mwa ule mwanya alama za jembe zilikuwa zinaonekana wazi, kabla maji hayajazilamba. Ziwa zima la Luhende lilikuwa linapita kwenye mlango wa upana wa nyumba. Halikuwa linatiririka, lilikuwa linatapika. Lilikuwa linang'oa shamba lake kwa mabonge, mpunga na mizizi yake, udongo mweusi wote wa juu uliokaa pale tangu enzi za baba mkwe, linaburuta na kuuleta huku chini kwangu. Maksai wake mmoja alikuwa amefungwa kwenye kigingi karibu na tuta. Nilimwona anajaribu kuogelea na kamba shingoni. Kisha sikumwona.

Na kwangu maji yalipofika kwenye tambarare yalichoka. Yakatanda na kwenda polepole kati ya majaruba, vile vipande vya shamba vyenye kingo za udongo. Miche yangu ya njano ikazama nusu, ikasimama humo kama watu waliopata kivuli.

Nilicheka. Nilisimama pale na kanga imelowa, nikacheka mpaka machozi, na nilipoinua macho Luhende alikuwa ng'ambo ya mwanya, magoti kwenye tope, ananitazama.

"Ni yeye!" akapiga kelele. "Alisema! Wote mlimsikia!"

Watu wakageuka. Majirani zangu, wanawake ninaoimba nao kwaya, vijana niliowapa viazi wakiwa wadogo. Nikaona kwenye nyuso zao kwamba tayari wameamini.

Festo alikuwa nyuma yao, amejifunga shuka mpaka kidevuni.

Januari 25

Mkutano mbele ya ghala la pamba. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, mimi katikati.

Elieza akauliza, "Mektilda, ulisema utalibomoa tuta la shemeji yako kwa jembe lako?"

"Nilisema."

"Ulilibomoa?"

"Sikulibomoa. Ningelibomoa mapema, mpunga wangu usingefika hali ile."

Manung'uniko. Luhende akasimama, safari hii sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyefiwa. Akasema shamba lake limebaki mchanga na mawe, udongo wote uko kwa shemeji yake, sasa nani alinufaika? Watu wakatikisa vichwa. Kweli, nani alinufaika? Hata mimi ningekuwa nimekaa kule ningejiuliza hivyo.

Nilimtazama Festo. Nilikuwa nasubiri neno moja tu. Aseme mke wangu alikuwa amelala. Ndilo jambo analojua mume kuliko mtu yeyote. Alikuwa anakwangua tope kwenye kucha ya dole gumba.

Elieza akatamka. Nimetengwa. Nisisalimiwe, nisipewe moto, nisichote kisimani wakati wengine wapo, nisisagiwe, nisiuziwe, hadi nilipe maksai na kuomba radhi mbele ya watu. Atakayevunja atatengwa pamoja nami.

"Na mdogo wangu?" akauliza Luhende. "Yeye hana kosa. Aruhusiwe kula kwangu."

Wakakubali. Wakamsifu kwa huruma yake.

Januari 28

Mashine ya kusaga imenikataa. Nimesaga kwa jiwe la mama mkwe. Bega linauma.

Februari 2

Kanisani benchi nililokalia lilihamwa lote.

Februari 3

Festo anatoka asubuhi, anakula kwa kaka yake, anarudi jioni kulala. Hazungumzi. Amri inamruhusu kuzungumza na mimi, mimi ni mke wake, lakini anatumia amri ile kama mtu aliyepewa likizo.

Februari 9

Julieth amepiga simu kutoka hospitali ya Kitete, yuko kwenye mafunzo wodini. Nilijifanya mzima, akanijua, nikamweleza yote. Akasema, "Mama, kumtenga mtu namna hiyo ni kinyume cha sheria. Nenda polisi Nzega. Au njoo huku ukae na mimi."

Nikamwambia nikiondoka wiki moja tu watalima.

"Wakilima na walime, mama! Ni shamba tu."

Nilikata simu. Nimemlea mtoto huyu kwa tope lile. Ada, sare, godoro la bweni, vyote vilitoka mle.

Februari 18

Nimepalilia leo tangu alfajiri. Lazima niandike kuhusu udongo, kwa sababu sina mwingine wa kumwonyesha.

Majaruba ya juu, yale yaliyo karibu na mwanya, yamefunikwa kabisa, miche imezikwa. Hayo nimeyaacha, nitapanda dengu maji yakishuka. Lakini ya kati na ya chini! Tope jipya limefika nusu ya muundi. Ukilikata kwa kisu unaona matabaka, jembamba la mchanga, nene jeusi, jingine la kahawia, kama chapati zilizopangwa. Mpunga umegeuka rangi. Kijani chake kinakaribia kuwa bluu. Machipukizi yamejaa hadi siwezi kuingiza mguu kati ya shina na shina.

Ni udongo wa Luhende. Najua. Nimeuvuta puani, nikafurahi kwa ubaya.

Februari 26

Sijasikia sauti ya mtu leo isipokuwa yangu mwenyewe nikifukuza mbuzi.

Machi 3

Zuena amezungumza na mimi.

Nilikuwa mtoni nachota. Alikuja na ndoo, akaangalia nyuma yake, akasimama karibu kabisa. Nikainama kuondoka, maana nilidhani ametumwa kuniudhi.

"Shikamoo mama Julieth."

Nilikuwa nimesahau namna ya kujibu.

"Nakusalimia, bwana. Watanitenga, na wanitenge. Kwani mie nina rafiki gani hapa?" Akaweka ndoo chini. "Nisikilize haraka. Siku ile ya tuta nilitoka alfajiri kuchukua udhu. Nilimwona shemeji Festo anapanda kutoka mbugani. Tope kiunoni, jembe mkononi. Alikuwa anakimbia huku analia."

Nilimwambia aache uongo.

"Wallahi. Na siku ya pili yake alikuja kwetu, akamwangukia mume wangu miguuni, akamwambia kila kitu. Nilikuwa jikoni, mlango ni pazia tu. Unajua mume wangu alimjibu nini? Alimwambia, 'Nyamaza. Umenimaliza, lakini wewe ni damu yangu. Mwache mkeo abebe.'"

Nikakaa chini kwenye majani. Ndoo ikapinduka, sikuiokota.

"Kwa hiyo wote wawili walikuwa wanajua. Pale ghalani, mbele ya watu."

"Wote wawili."

"Na wewe ulikuwa unajua. Mwezi mzima, Zuena."

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Ananipiga. Hujawahi kusikia? Kila mtu anasikia." Akavuta mkono wa gauni. Sikuweza kuangalia muda mrefu. "Lakini jana walikaa tena. Mume wangu amemwambia akurudishe kwenu Ndala, shamba libaki kwa ukoo. Na shemeji akasema sawa, ila asubiri kwanza mpunga uvunwe."

"Rudia."

"Alisema, 'Nipe muda, kaka, acha kwanza avune.'"

Kucha zake, niliziona leo kwa karibu, hazina rangi tena, zimekatika. Huyu ndiye niliyemwandika hapa kwamba amekalia shamba linaloninyima maji. Hakukalia kitu chochote. Akajitwisha ndoo na kuondoka, na mimi sikumwambia hata ahsante.

Machi 4

Festo aliporudi nilikuwa nimekaa mlangoni, sikumpisha.

"Ulilikata wewe."

Hakukana, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kukana kwake. Alijikunja tu pale uani kama mzigo uliokatwa kamba.

"Nilikuona unabeba ndoo," akasema. "Unazunguka na kile kindoo. Sikuweza kulala, Mama Julieth. Nilifikiri nitatoboa kitundu kidogo tu kitakachopitisha maji kidogo. Nilipopiga jembe la tatu, tuta likanijibu. Likafunguka lenyewe. Nikakimbia."

"Kwa nini hukusema?"

"Kaka angeniua."

"Na mimi?"

"Wewe ni mwanamke. Nilijua hawatakupiga. Watakutenga tu, halafu watasamehe."

Watakutenga tu. Nimesaga kwa jiwe hadi bega limevimba. Nimekaa siku nzima nikiongea na mbuzi.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili: miaka yote niliyoishi na Festo nimesubiri afanye kitu kimoja. Alikifanya. Alitoka usiku peke yake, mwoga yule, akaingia kwenye maji kwa ajili yangu. Angesimama ghalani akasema ni mimi, ningemwosha miguu kwa machozi. Badala yake ameniuza kwa sahani ya ugali.

"Na Ndala?" nikamuuliza. "Nivune kwanza, halafu Ndala?"

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Akauliza nani kaniambia. Sikumtaja. Nikamwambia asilale ndani. Alilala kwenye banda la mbuzi.

Machi 10

Nimekwenda kwa Elieza kuomba mkutano. Hawezi kunijibu, nimetengwa. Nilisimama nje ya uzio wake nikapiga kelele hadi mke wake akafunga dirisha.

Machi 15

Nimekwenda tena. Nimepiga kelele tena.

Machi 16

Na leo.

Machi 22

Mvua mfululizo. Mpunga umebeba mimba.

Aprili 6

Mkutano umeitishwa. Si kwa sababu yangu: Luhende amelalamika kwamba bado sijalipa maksai. Nimecheka peke yangu jikoni.

Aprili 9

Ghalani tena. Elieza akasema sasa nimeruhusiwa kuzungumza ili niombe radhi.

Nikasema, "Siombi radhi. Aliyekata tuta ni Festo. Luhende anajua tangu siku ya pili. Wanataka nirudi kwetu ili wachukue shamba alilonipa baba yao."

Palizuka kelele, wanaume wote wanasema kwa pamoja. Luhende akasema mwanamke huyu amechanganyikiwa kwa upweke. Elieza akauliza kama nina shahidi.

Sikumtazama Zuena. Nilikuwa nimeapa sitamtazama, mwili ni wake, na mapigo ni yake. Nikasema sina.

"Yupo," akasema Zuena. Alisimama katikati ya wanawake. "Mie nilimwona. Na maneno yao niliyasikia kwa masikio yangu haya."

Luhende akamwendea. Wanawake hawakumpisha. Sijui waliamua saa ngapi, hawakusema kitu, walisimama tu mbele yake mmoja mmoja, na mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni. Akarudi nyuma. Akasema maneno ya talaka palepale, kwa sauti kubwa. Zuena akajibu, "Nimesikia, ahsante."

"Festo," akasema Elieza. "Simama. Ni kweli?"

Niliwasikia njiwa kwenye bati la ghala.

"Ni mimi," akasema Festo.

Nikafikiri sasa. Sasa watatamka kama walivyotamka kwangu: asisalimiwe, asipewe moto. Elieza akashauriana na wazee wenzake, wakanong'ona, akarudi akakohoa.

"Basi," akasema, "kumbe hili ni jambo la kaka na mdogo wake. Hayo ni ya ukoo. Watamalizana nyumbani. Mektilda, umefunguliwa."

Watu wakapiga makofi.

Aprili 10

Alfajiri wamepita wanawake watatu mlangoni kwangu kunisalimia. Nilikuwa nafagia. Niliendelea kufagia.

Aprili 13

Zuena yuko kwangu na lile begi lake la magurudumu. Anasubiri kaka yake aje kumchukua. Hajui kupepeta, anatimua pumba zote usoni. Nilimwambia hivyo, akanijibu kwamba hata mimi sijui kupika chai. Ni kweli.

Aprili 20

Festo ameondoka na baiskeli kwenda Sikonge kwa rafiki yake mrina asali. Alisimama uani akitaka nimwambie neno. Nilimpa shuka lake. Kaka yake naye hamtaki. Alimlinda alipokuwa na faida.

Aprili 29

Tumepanda dengu kwenye majaruba ya juu, tope likiwa bado linashika mguu. Ukidondosha punje inajizamisha yenyewe. Zuena amejifunza haraka. Kaka yake alifika na bodaboda, wakazungumza, akaondoka peke yake.

Mei 12

Luhende amekuja. Alisimama nje ya mpaka, hakukanyaga. Nyuma yake shamba lake ni korongo na mchanga unaong'aa. Amejaribu kupanda mahindi, yamekauka yakiwa na urefu wa kiganja.

"Shemeji," akasema. "Hata robo tu. Nipande viazi. Nina watoto wa marehemu mke wangu."

Niliwafikiria wale watoto, hawana kosa. Nikamwambia waje wenyewe kwangu, watakula na watapewa viazi. Yeye hapana. Akasema mto mwakani utamrudishia udongo wake. Nikasema inshallah, mradi asijenge kitu. Zuena alikuwa ameinama anang'oa magugu, hakuinua kichwa hadi Luhende alipoondoka.

Mei 30

Mpunga umeiva. Masuke yameinama, ukipita yanakwaruza mapaja. Tumeanza kuvuna sisi wawili. Ni mwingi mno.

Juni 2

Asubuhi kundi la ndege kwelea lilitua kwenye matete. Nililiona kutoka mbali kama moshi unaogeukageuka, kisha matete yote yakaanza kupiga kelele. Nilijua maana yake. Wakimaliza mbegu za majani watahamia kwetu, na kundi lile likikaa siku moja juu ya mpunga huu halibaki kitu zaidi ya mabua. Zuena alipiga debe huku, mimi nikavuna kule. Jasho lilinifumba macho. Tulikuwa tumekata kipande cha kuchekesha.

Nilipoinuka kunyoosha mgongo niliwaona wamesimama mpakani. Wanawake wa kijiji, wengi, wale wa kwaya, wale wa mashine, yule wa mtoto mgongoni. Kila mmoja na mundu wake. Hawakuingia. Walikuwa wanasubiri niwaite.

Zuena akaacha kupiga debe. "Dada, waite," akasema. "Jamani, ndege wale."

Niliwatazama. Niliwaza lile benchi kanisani, na jiwe la kusagia. Niliwaza namna walivyokuwa wanageuza vichwa njiani, hata yule niliyemzalisha mimi mwenyewe mvua inanyesha. Nilitaka wasimame pale hadi jioni. Nilitaka waone punje ya mwisho ikiliwa.

Kundi likanyanyuka kutoka kwenye matete, likapita juu yetu, kivuli chake kikatembea juu ya mpunga.

"Anzieni upande wa mto," nikasema. "Kateni chini, msimwage."

Wakaingia. Waliniamkia mmoja mmoja wakipita, mama Julieth shikamoo, mama Julieth habari za kazi. Sikumwitikia hata mmoja. Nilishika mundu wangu nikaendelea kukata, na hadi jua linazama tulikuwa tumeumaliza.